Alumina: Bei ya dunia imeshuka, lakini chujio la floridi lina hesabu yake

MWAKA 2024 ulikuwa wa neema kwa wenye alumina. Unga huo mweupe, unaosafishwa kutoka katika udongo mwekundu uitwao boksiti, ulifika bei ya zaidi ya dola 700 za Marekani kwa tani katika soko la dunia.

Sababu zilikuja kwa mfululizo. Kampuni ya Alcoa ilisimamisha kiwanda chake cha Kwinana, Australia Magharibi. Viwanda vya Rio Tinto vya Queensland, katika nchi hiyo hiyo, vilikosa gesi ya kutosha baada ya bomba kuungua. Oktoba ikaja zamu ya Guinea, ambako shehena za boksiti za kampuni tanzu ya Emirates Global Aluminium zilizuiwa kutoka nje ya nchi. Wanunuzi wakabaki kugombania kidogo kilichopo.

Neema hiyo haikudumu. Viwanda vipya vya Asia, hasa vya China na Indonesia, vilimwaga mzigo sokoni, na kufikia katikati ya mwaka 2025 bei ilikuwa imeteremka chini ya dola 400 kwa tani.

Kwa mwenye kiwanda cha sufuria au muuza mabati, habari hii inaeleweka mara moja. Zaidi ya tani tisa katika kila tani kumi za alumina duniani huishia kwenye matanuri ya umeme na kuwa alumini. Hesabu ya jumla ni kwamba tani nne za boksiti hutoa tani mbili za alumina, na hizo mbili hutoa tani moja ya alumini. Afrika Mashariki haina kiwanda cha kusafisha boksiti, hivyo tunapokea bei iliyopangwa kwingine.

Lakini wako wasomaji wa ukurasa huu wanaoijua alumina kwa njia nyingine. Ni wale wanaouza maji kwenye vioski, au wenye visima virefu, katika maeneo yenye floridi nyingi: Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga kwa upande wa Tanzania, na Nakuru, Gilgil na Naivasha kwa upande wa Kenya. Kwao alumina ni punje nyeupe ndani ya chujio, na wanaoiuza husema inaondoa floridi. Ni kweli inaondoa. Tatizo liko katika kuuliza inaondoa kiasi gani, kwa muda gani, na nani atajua siku ikichoka.

Mjasiriamali anayefikiria kununua chujio hilo anaweza kudhani kwamba kushuka kwa bei ya dunia kumemrahisishia mambo. Kumemrahisishia kidogo sana, na ili kuona kwa nini ni lazima kwanza kuijua bidhaa yenyewe.

Unga mmoja, kazi nyingi

Kikemia alumina ni alumini iliyoungana na oksijeni, basi. Tabia yake inategemea sana moto uliopita juu yake.

Ikichomwa kwa moto mkali sana inakuwa jiwe gumu ambalo ni almasi na vitu vichache tu vinavyolipita kwa ugumu. Hilo ndilo jiwe la kusagia vyuma, na ndizo chembe zilizogandishwa kwenye karatasi nyingi za msasa. Ile kauri nyeupe inayozunguka plagi ya bodaboda ni alumina pia, kwa kuwa inastahimili joto na haipitishi umeme. Matofali ya ndani ya matanuri ya saruji nayo huwa na alumina nyingi. Na wachimbaji wa Winza kule Mpwapwa, au wa Tunduru na bonde la Umba, wanapopata rubi au safiri, wanachoshika mkononi ni alumina iliyopikwa na ardhi na kutiwa rangi na chembe chache za madini mengine. Tofauti ya bei kati ya jiwe hilo na kilo ya unga wa kiwandani ni ajabu ya aina yake, lakini si habari ya leo.

Alumina inayotumika kwenye chujio haipelekwi kwenye moto huo. Huchomwa kwa joto la wastani, nyuzi kati ya 400 na 600 hivi, kiasi cha kufukuza maji yaliyofungwa ndani na kuacha matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Gramu moja huweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 200 hadi 300. Maana yake ni kwamba gramu 30, yaani vijiko vikubwa viwili au vitatu, zina eneo la uwanja mzima wa mpira wa miguu. Wataalamu huiita alumina iliyoamshwa.

Katika eneo hilo lote vitu vilivyoyeyuka hupata pa kukaa, kila kimoja kwa nguvu yake. Kingine hung'ang'ania, kingine hugusa na kupita.

Somo kutoka maabara

Wa kwanza kuifaidi tabia ya namna hii walikuwa watu wa maabara. Mwanzoni mwa karne iliyopita mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, alijaza chokaa laini ndani ya bomba la kioo, akamimina juu yake rangi zilizokamuliwa kwenye majani, kisha akaendelea kumimina kiyeyusho. Rangi zilishuka kwa mwendo tofauti zikajipanga kama mikanda, kijani huku na njano kule. Njia hiyo akaiita kromatografia.

Iliachwa kwa miaka mingi. Mwaka 1931 Richard Kuhn na wenzake huko Heidelberg, Ujerumani, waliifufua, na kwa kutumia alumina walitenganisha aina mbili za karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mkulima anayelima viazi lishe vya rangi ya chungwa anafaidi elimu iliyoanzia kwenye mabomba kama hayo.

Mwaka 1941 Wajerumani wengine wawili, Hans Brockmann na Hertha Schodder, waliweka madaraja ya nguvu ya alumina, kuanzia la kwanza hadi la tano. Daraja la kwanza ni alumina kavu kabisa. Ukiongeza maji asilimia 3 inashuka daraja la pili, na ukifika asilimia 15 uko la tano. Mpaka sasa maabara huinunua kwa madaraja hayo, na mkebe ukiachwa wazi kwenye hewa yenye unyevu kama ya Tanga au Mombasa, daraja linashuka lenyewe bila mtu kugusa.

Katika vipimo vya mabaki ya viuatilifu kwenye mazao, hasa vya jamii ya DDT, alumina imetumika miaka mingi kuzuia mafuta na rangi za zao zisivuruge mashine. Siku hizi maabara nyingi zimehamia kwenye unga wa aina nyingine kwa kazi hiyo. Hospitalini bado ina nafasi yake: dawa ya teknetiamu inayotumika katika picha za mifupa na moyo hukamuliwa kutoka kwenye bomba dogo la alumina, ambako molibdenamu hushikwa na teknetiamu hupita na maji ya chumvi.

Sasa turudi kwenye kioski. Chujio la floridi ni bomba lile lile la Tswett, isipokuwa ni kubwa na halina kioo. Maji yanaingia juu, floridi inashikwa na punje za juu kwanza. Zikishajaa, inashuka kwa zinazofuata, na mkanda wa floridi unateremka siku hadi siku. Ukifika chini, chujio limekwisha. Maji yanaendelea kutoka meupe na matamu kama jana, lakini yana floridi ile ile iliyoingia.

Mtu wa maabara anausubiri mkanda utoke, tena mara nyingi anauona kwa macho. Muuza maji anataka mkanda usitoke kamwe, na hauoni. Floridi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya visima vyetu haina ladha.

Hesabu ya dumu

Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa floridi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Kenya inafuata kiwango hicho. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu iliyo wazi kwamba visima vingi visingepita, kabla ya kushuka nayo hadi 1.5. Kisima cha miligramu 3 ambacho zamani kilikuwa halali sasa hakimo, na hapo ndipo soko la machujio lilipopata nguvu.

Madhara yanajulikana. Mtoto anayekua akinywa maji hayo, hasa kabla ya miaka minane, meno yake huota na madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala dawa. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa au kupinda. Ng'ombe hawasalimiki, meno yao huchakaa mapema na malisho hawayatafuni vizuri.

Tuchukue kisima chenye miligramu 5 kwa lita, na mwenye kioski anataka maji yatoke na miligramu 1. Kila lita inabidi iache miligramu 4 ndani ya chujio.

Vitabu vya maabara husema kilo moja ya alumina inaweza kushika gramu 4 hadi 15 za floridi. Uzoefu wa vijijini, ulioelezwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe, uko mbali na hapo: mara nyingi ni gramu 1 tu kwa kilo. Kwa hiyo kilo moja inasafisha lita 250, sawa na madumu 12 na nusu.

Familia inayotumia dumu moja kwa siku kwa kunywa na kupikia, yenye chujio la kilo 5, itakaa nalo miezi miwili. Hilo linavumilika.

Kioski kinachouza madumu 100 kwa siku kinamaliza kilo 8 kila siku. Tangi lenye kilo 500 za alumina, ambalo muuzaji anaweza kulisifia kuwa ni la kudumu, linachoka nalo kwa miezi miwili. Kama kisima kina miligramu 9 badala ya 5, linachoka kwa mwezi mmoja.

Kwa nini maabara na kijiji vinapishana hivyo? Alumina hushika floridi vizuri zaidi katika maji yenye uchachu kidogo, pH kati ya 5 na 6. Maji ya Bonde la Ufa ni kinyume chake. Yamejaa magadi, pH yake mara nyingi inapita 8, na hayo magadi yenyewe yanagombania nafasi na floridi juu ya punje. Chujio lililojaribiwa kwa maji safi ya mji mwingine linaweza kuwa na karatasi nzuri za sifa na bado likashindwa Ngarenanyuki. Mitambo mikubwa huongeza asidi kwanza kisha hurekebisha maji mwishoni, lakini sioni kioski cha mtaani kikifanya hivyo salama, kwani asidi ikizidi, alumini yenyewe huanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji.

Sasa ile bei ya dunia. Kutoka dola 700 hadi 400 kwa tani ni tofauti ya senti 30 za dola kwa kilo. Kwa kilo 8 za siku ni dola 2.40, karibu Sh6,000 tukikadiria dola moja kwa Sh2,500. Ukigawa kwa madumu 100 ni Sh60 kwa dumu. Si haba, lakini hiyo ingekuwa kweli kama muuza maji angenunua kwa bei ya wenye meli, jambo ambalo halipo. Alumina iliyoamshwa ni bidhaa nyingine, yenye kiwanda chake, magunia yake, usafiri na faida ya kila mkono iliyopitia. Bei ya tani ikishuka bandarini Australia, mengi ya hayo hayashuki.

Kinachopunguza gharama kwa uhakika zaidi ni kuirudishia alumina nguvu. Punje zilizojaa floridi huoshwa kwa maji ya kostiki soda, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, ila hafifu ya asilimia 1 hivi. Floridi inaachia. Kisha huoshwa kwa asidi ya salfa iliyozimuliwa na maji mengi, na chujio linaanza upya. Kila mzunguko unapoteza punje kiasi, na zinazobaki hazirudi na nguvu zote, hivyo baada ya mizunguko michache lazima kununua mpya. Hata hivyo mzigo uliorudishwa mara tatu umefanya kazi mara kadhaa ya ule uliotupwa baada ya safari ya kwanza, na ile tofauti ya Sh60 inabaki kama Sh20.

India ilipitia njia hii. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa UNICEF, machujio ya alumina yalisambazwa katika vijiji vyenye floridi, ya majumbani na ya kufungwa kwenye pampu za mkono. Kila mahali swali lilikuwa lile lile: nani atakuja na kostiki na asidi mzigo ukijaa. Chujio lisilo na mtu wa kulirudishia nguvu hubaki kuwa ndoo ya mchanga wa bei mbaya.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa maoni yangu alumina haipaswi kuwa chaguo la kwanza la mtu mwenye nafasi nyingine. Maji ya mvua hayana floridi ya kuhofia, na tangi linalotosha maji ya kunywa na kupikia peke yake si kubwa kama la kunyweshea mifugo. Kuchanganya maji ya kisima kibaya na ya chanzo kizuri nako kunafanya kazi, na hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Kuchemsha hakusaidii chochote. Maji hupungua, floridi hubaki, na kila lita inayobaki inakuwa nayo zaidi.

Kuna pia mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, na katika mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru. Malighafi yake inatoka machinjioni kwetu wenyewe, haisubiri meli wala uamuzi wa Guinea. Ukichomwa vibaya maji hunuka, na wapo wanaotaka kwanza kujua mifupa ni ya mnyama gani, jambo ambalo mtengenezaji anapaswa kulijibu waziwazi. Lakini nao unajaa kama alumina, na mkanda wake nao hauonekani. Mashine za kuchuja kwa shinikizo huondoa floridi vizuri, ila zinataka umeme na humwaga sehemu ya maji.

Anayeamua kununua chujio la alumina aanze na maji yake mwenyewe. Ayapeleke katika maabara ya maji ya mkoa yapimwe floridi na pH, ndipo azungumze na muuzaji. Muuzaji anayejua kazi yake atauliza namba hizo kabla ya kutaja bei. Asiyeuliza anauza tangi. Mkataba utaje lita ngapi zitapita, kwa maji ya kisima hicho, kabla ya floridi kuzidi 1.5, na nani atabeba gharama zikipita pungufu. Ununuliwe na mita ya kupitisha maji, kwa kuwa lita zilizopita ndizo saa ya chujio.

Na sampuli ya maji yanayotoka ichukuliwe mara kwa mara, kwa kioski cha madumu 100 si chini ya mara moja kwa wiki, na kila siku mzigo unapokaribia hesabu yake. Kifaa cha kupimia floridi ni ghali kwa mtu mmoja, lakini vioski kumi vya kata moja vinaweza kukichangia, pamoja na fundi mmoja aliyefunzwa na pipa moja la kurudishia nguvu. Vikundi vya kuweka na kukopa vimenunua vitu vikubwa kuliko hivyo.

Jambo la kuangalia pia ni jikoni. Magadi yanayochotwa kwenye baadhi ya maziwa na mbuga za Bonde la Ufa, yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi, huwa na floridi nyingi. Nyumba inayolipia maji yaliyochujwa na kuendelea na magadi hayo inanunua nusu ya kinga.

Yanabaki maji ya kostiki yaliyotoa floridi kwenye punje. Ni machache, lakini yamekusanya floridi ya maelfu ya lita na hayafai kumwagwa shambani, mtaroni wala karibu na kisima kilekile. Njia inayojulikana ni kuyatuliza makali kwa asidi, kisha kuyatia chokaa, floridi ikaungana nayo na kutuama kama tope. Tope hilo hukaushwa na kupelekwa mahali palipoidhinishwa kwa taka za aina hiyo. Muuzaji aulizwe mapema ni wapi, na iandikwe kwenye mkataba kama lita zilivyoandikwa.